Saruji Aliyoninyima Mjomba

Assalaam aleikum, akina mama na ndugu zangu wote mliobaki baada ya darasa. Sifa ni za Mwenyezi Mungu aliyenipa miguu ya kusimama leo, maana mwaka jana sikuwa na hata pa kukalia. Mimi ni Tatu, yule wa mashine ya kukoboa mpunga. Nimekuja kueleza jinsi Mungu alivyoniokoa, na niseme mapema kwamba wokovu wangu una ladha ya shubiri.

Ndugu zangu, mashine ile niliinunua mwenyewe Dar es Salaam baada ya mume wangu kufariki, na risiti ina jina langu. Sikuwa na pa kuiweka. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na kiwanja chenye banda kando ya barabara hapa Kibiti. Nikamwendea. Akasema, "Karibu, mwanangu. Weka hapo." Basi. Karatasi hakuna, shahidi hakuna. Nani kati yetu amewahi kumwandikisha mjomba wake? Ungeonekana huna adabu.

Fundi alipokuja kumwaga saruji ya kuifungia mashine, mjomba akatoka ndani na fimbo yake. "Saruji hapana. Saruji ni mnazi."

Mnajua alichomaanisha. Kwetu ukimkaribisha mtu shambani, atalima mpunga, atalima kunde, lakini hapandi mnazi wala mkorosho, kwa sababu aliyepanda mti wa kudumu kesho anadai ardhi. Mimi, mtoto wa dada yake, nikahesabiwa mgeni anayevizia shamba! Ikabidi niagize boriti nene za mkoko kutoka Mbwera, fundi akaziunga kama kitanda, akaikaza mashine juu yake kwa nati.

Basi ilikuwa inatetemeka mashine ile mpaka meno yanagongana. Wateja kutoka kijiji cha Mkongo walikuwa wakinitania, "Bi Tatu, mashine yako leo inasafiri kwenda wapi?" Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa namsema vibaya mjomba. Miaka sita nilikula naye sahani moja huku nina kinyongo naye.

Alipougua maradhi ya mwisho aliniita tutakane radhi. Akaniuliza, "Tatu, una neno nami?" Nikamjibu, "Sina neno, mjomba." Nilikuwa nalo. Alikufa siku ya pili, akaenda na uongo wangu.

Arobaini haijafika, mwanawe Shabani akauza kiwanja. Binamu yangu huyo, niliyembeba mgongoni akiwa mchanga. Sikuambiwa. Nilifika asubuhi na funguo zangu, nikakuta kufuli jipya mlangoni na mfanyabiashara nisiyemjua anapima eneo kwa hatua. Magunia ya watu yalikuwa ndani. Akanionyesha mkataba wa mauziano, umeandikwa "kiwanja pamoja na kila kilichojengwa juu yake."

"Na mashine nimeinunua, mama," akasema.

Nikampigia simu Shabani. Akanijibu, "Dada, mimi nimeuza cha baba. Chako utanionyesha kwa karatasi gani?" Nilikaa chini pale pale kwenye pumba, nikalia.

Nikapeleka shauri baraza la kata, kutafuta suluhu. Kabla ya siku yenyewe jirani mmoja akanijia. "Sema mjomba alikupa kiwanja moja kwa moja. Mimi nitasimama shahidi." Nikakubali. Sifichi, ndugu zangu, nilikubali. Nilitaka mashine, nilitaka na kiwanja, na zaidi ya vyote nilitaka Shabani aaibike mbele za watu.

Mama mwenyekiti wa baraza akaniuliza swali moja tu. "Alikupa, au alikukaribisha?"

Nilifungua mdomo niseme alinipa. Pale pale likanijia lile jibu langu, "Sina neno, mjomba." Nilishamdanganya akiwa hai, nikashindwa kumdanganya tena akiwa kaburini. Nikasema alinikaribisha. Nikaeleza na fimbo, na saruji, na mnazi. Jirani akainamisha kichwa. Shabani akatabasamu, maana kiwanja nilikuwa nimekitoa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Lakini mwenyekiti hakuwa amemaliza. Akamgeukia mnunuzi. "Mkataba wako unasema kilichojengwa. Mashine hii imejengwa, au imewekwa?"

Tukatoka wote kwenda kuiangalia. Wanaume kadhaa wakapitisha miti chini ya zile boriti, wakainua. Ikainuka! Chini palikuwa na udongo mtupu na chenga za mchele. Mwenyekiti akasema, "Ingekuwa ndani ya saruji, mngebishana mpaka baraza la wilaya. Hii ni kitanda cha mpangaji. Akihama, anahama nacho. Na risiti ni ya kwake." Mnunuzi akasoma mkataba wake tena, akakubali. Tukaandikiana pale pale, na mashine yangu ikaondoka juu ya trela la trekta.

Ndugu zangu, neno lile lile lililoniondolea kiwanja ndilo lililonirudishia mashine. Ningesema uongo kwamba kiwanja ni changu, mashine ingehesabiwa sehemu ya kiwanja, na pengine ningekosa vyote. Sisemi mjomba aliyaona hayo kabla. Huenda alikuwa analinda urithi wa mwanawe tu. Mungu akapitisha riziki yangu ndani ya ubahili wa mzee, na mimi nikautukana ubahili ule miaka sita.

Wateja wengi nimewapoteza. Shabani sijamsamehe, niombeeni dua. Sasa nimepanga upande wa pili wa soko, kwa mkataba wa maandishi, na mashine imetajwa humo kuwa ni yangu. Mwenye banda akaniambia, "Mwaga saruji, mama, usipate tabu." Nikamshukuru, nikakataa. Iko juu ya boriti zile zile, na bado inatetemeka.

Kwa hiyo mtegemeeni Mungu, na mwandikishane hata na wajomba. Kuandikishana si matusi. Na ukiwa na neno na mtu, mwambie angali anasikia. Mimi nilichelewa, nalisema leo mbele yenu. Mjomba, nilikuwa na neno nawe. Lilikuwa ile saruji. Niwie radhi.