Hoja ya Kumwondoa Mama Kengele

Leo, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, mtunza muda wetu anastaafu. Jina lake limo kwenye faili. Sisi tunamwita Mama Kengele, na siku hizi hata mumewe anamwita hivyo.

Alianza kama mpiga chapa, akahamia ukumbi wa Bunge, hakutoka tena. Mjumbe anapewa dakika saba. Zikiisha, Mama Kengele anagonga kengele na kuzima kipaza sauti. Ni kazi rahisi kuieleza, ila mheshimiwa akishakamata kipaza sauti, kumtoa ni kama kung'oa jino.

Mtihani wake mkubwa ulikuwa Bunge la Katiba. Waliokaa upande wa madirisha walitaka rais mwenye nguvu. Wa upande wa mlango walitaka mamlaka yagawiwe mikoani. Ilifika mahali salamu zikakatika, na kila upande ukawa na birika lake la chai. Sura ya mamlaka katika rasimu ilikwama kabisa. Na upande wa mlango alikuwapo mdogo wake wa kiume, aliyemlea mwenyewe baada ya mama yao kufariki.

Siku moja alimkata mdogo wake huyo katikati ya hotuba aliyoiandaa wiki nzima. "Dada, hata sentensi hukuniachia nimalize!" alilalamika koridoni, na kwa miezi kadhaa hakukanyaga nyumbani kwake. Wenzake wa mlangoni wakasema dada mtu anawaonea. Wa madirishani wakasema hayo ni maigizo, anambeba ndugu yake. Basi watu ambao hawakuwahi kukubaliana hata kuhusu kuwasha feni wakakubaliana jambo moja: aondolewe.

Hoja ya pamoja ilihitaji kamati ya pamoja. Wakaketi meza moja, chai ikatoka birika moja. Mtunza muda wao alikuwa Mama Kengele yuleyule, kibarua chake kikiwa karibu kuota nyasi, na aliwagongea kengele kama kawaida. Mwenyekiti wa Bunge alipoona wameandika kurasa mbili bila kugombana, akawaambia wasiinuke kabla ya kuigusa sura iliyokwama. Waliigusa, wakavutana wiki tatu, ikapita. Hoja ikasahaulika mezani.

Jumapili iliyofuata mdogo wake alibisha hodi kwake, akala, akaongea mpaka jioni. Hakuna aliyemkata.

Mama Kengele, asante kwa kutupimia sote kwa kibaba kimoja. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na wajukuu wasiojua saa. Ile hoja, kwa taarifa yako, haikuwahi kufutwa. Leo inatekelezwa, na ukumbi mzima unaipinga.