Mizani ya Nne

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka muuguzi wa zahanati iliyo mwendo wa saa tatu kutoka pale barabara ya lami inapoishia. Miaka thelathini na moja alipima watoto. Tulimwita Mama Mizani. Ametutoka Jumanne.

Kazi yake ilikuwa kumning'iniza mtoto, kusoma kilo, kuandika kwenye kadi. Huku kwetu mtoto wa miaka miwili alikuwa na kilo saba. Nasema tena, saba. Mwenzake wa jiji kuu, nchi hii hii, kumi na mbili. Mama Mizani akaandikia makao makuu, akaomba uji wa lishe.

Wakubwa wakamjibu: mizani yako mbovu. Wakaleta mpya. Watoto, saba. Wakaleta nyingine. Saba! Wasomi wazima, vyeti vimejaa ukutani, hawakuwaza kwamba labda mtoto ana njaa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ila hawa hata kumjua hawataki.

Ya tatu aliileta mkurugenzi mwenyewe, na tai yake, na mfuko wa sukari wa kilo kumi kwa ajili ya chai ya msafara wake. Binti wa marehemu, naye muuguzi, alikuwepo.

"Mama aliutundika ule mfuko kabla haujafunguliwa," anasema. "Mizani ikasoma kumi. Akautoa, akamweka mtoto wa jirani yetu. Saba. Akamwambia mkurugenzi, 'Mwanangu, mizani ni nzima. Mgonjwa ni huyu.'"

Mkurugenzi akaahidi kulifanyia kazi jambo hilo. Akalifanyia kweli! Taarifa ya mwaka ikachanganya watoto wetu na wa jijini, ukatoka wastani mzuri, wakapigiana makofi. Aibu hawana. Yule mtoto wa jirani hakufika miaka mitatu.

Jana, msibani, gari la makao makuu likafika. Tukasimama, tukidhani ni uji, hata kama umechelewa. Wakashusha boksi moja. Mizani. Eti kumuenzi.

Kwa binti, wajukuu na majirani: poleni sana. Mama alisema kweli hadi mwisho, nasi tunamlilia. Nanyi mliotuma boksi, mkiwabeba watoto wenu jioni, usikieni uzito wao, mtafakari.

Binti ameifungua zahanati asubuhi hii, akaitundika mizani ya nne. Ni nzuri, inang'aa. Mtoto wa kwanza, miaka miwili.

Saba.