Jaribio Alilolifunga Mdomo

Huyu aliyelala mbele yenu, ndugu waombolezaji, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Agosti 1990, saa tano asubuhi, katika wodi ya wazazi ambayo siku hiyo haikuwa na tone la maji, na mama yake alipofariki miaka minne baadaye, akalelewa na bibi yake mzaa mama, ambaye ndiye aliyeyasema maneno haya yakaandikwa.

Januari 1997 alianza shule ya msingi nyuma ya soko, ambako mwalimu wa hesabu alimwita Sisimizi kwa kutotulia kwenye dawati, akasoma sekondari kuanzia 2004, kisha chuo cha kompyuta, na tarehe 5 Machi 2012 akaajiriwa na kampuni ya programu za simu, kazi yake ikiwa kuandika majaribio yanayojiendesha, yaani, kama alivyomweleza bibi yake, kuifundisha kompyuta ibonyeze simu kama mtu, mara elfu, ili kosa lionekane kabla halijamfikia mteja. Simu kumi na moja zilipangwa kwenye meza ya sebuleni, zikijifungua na kujifunga zenyewe, hata jirani aliyekuja kuomba chumvi akageukia mlangoni, "Bibi, nyumba hii ina wenyewe, chumvi nitakula kesho."

Jumamosi tarehe 6 Desemba 2014 aliolewa na fundi umeme, aliyezoea kulalamika kwamba ameoa mke mmoja na chaja kumi na moja, wakajaliwa binti tarehe 21 Mei 2016.

Mwanzoni mwa 2022 kampuni ilitengeneza programu ya kuitia gari la wagonjwa, na jaribio moja, la simu inayokatikiwa mtandao wakati wa kutuma ombi, likawa leo linafeli, kesho linapita, na siku ya kukabidhi kazi imewadia. Mkuu wake akamwambia, "Dada, ukilirudia si linapita? Tatizo liko wapi?", naye akaliamuru lijirudie mara tatu, na likipita hata mara moja lihesabiwe limepita.

Jumatano tarehe 9 Machi 2022, saa kumi jioni, fundi viatu wa kona yetu alianguka kibandani kwa kiharusi, mkewe akabonyeza kitufe cha programu ile, simu ikaandika "Ombi limepokelewa", wakangoja dakika arobaini, gari halikutokea mpaka alipobonyeza tena. Kesho yake marehemu alifungua kumbukumbu za kazini, akaona namba ya simu anayoijua, akaelewa kwamba ombi la kwanza lilipotea njiani, na kwamba jaribio lake lilikuwa likimwambia hilohilo. Alikiri mbele ya wakuu wake, "Mimi ndiye niliyelifunga mdomo," kosa likarekebishwa kwa siku tatu, na tangu hapo hakukubali jaribio lirudiwe kabla hajajua limefelia wapi.

Lakini kumwambia fundi viatu mwenyewe alishindwa. Alipeleka viatu vizima vikapigwe visigino, akakaa kwenye kigoda cha wateja, na mke wa fundi, anayeshika sindano sasa badala ya mumewe, alimwambia kila mara, "Vidole vyangu hivi, dada, sijui siku ile nilibonyeza wapi," naye akainuka kama aliyechomwa, akarudi nyumbani kula kwa kusimama, sahani mkononi, akizunguka meza. Bibi yake akiuliza, "Umewaambia?", jibu lilikuwa, "Kesho, bibi."

Novemba 2022 aligundulika ana ugonjwa wa moyo, akalazwa tarehe 12 Juni 2023, na Alhamisi tarehe 15, akisukumwa kuelekea chumba cha upasuaji, alimshika bibi yake kiganja, "Nisiporudi, kosa langu lisomwe fundi na mkewe wakiwepo. Na msilipambe." Alifariki Jumamosi tarehe 17, saa tatu asubuhi, akiacha mume na binti mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, wafanyakazi wenzake waliokuja wote, na majirani waliotushika mkono. Na wewe, mke wa fundi, uliyekaa hapo karibu na mumeo, hatukuombi usamehe leo, tunakwambia tu alichoshindwa kukwambia mjukuu wetu: siku ile ulibonyeza sawasawa.

Haya, mama, mjukuu wangu, wameshaambiwa. Kaa sasa, upumzike kwa amani.