Dada Yetu Mbunge na Wafumaji Arobaini na Mmoja

Dada yetu mkubwa alifariki Jumapili, tarehe 3 Machi 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani, akamaliza sekondari mwaka 1979, na mwaka 1981 akaajiriwa katika kiwanda cha mablanketi, kwanza kwenye mashine za kufumia, baadaye katika ofisi ya chama cha wafanyakazi. Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, wakajaliwa watoto watatu, na shemeji amezoea kusema kwamba alioa mgongo, maana uso kila mara ulikuwa umeshatoka nje.

Mwaka 2010 alichaguliwa kuwa mbunge. Alihangaikia kivuko kilichobomoka na zahanati isiyo na maji, lakini lililomnyima usingizi lilikuwa moja. Tarehe 9 Agosti 2013, kiwanda kilipowasimamisha wafumaji arobaini na mmoja, alitia sahihi kama shahidi kwenye makubaliano kwamba watarudishwa hali ikiruhusu, akawaambia waende nyumbani, wataitwa. Hawakuitwa. Mfumaji mmoja alimsimamisha sokoni akamwuliza, Mheshimiwa, hii likizo uliyotupa inaisha lini, watu wakacheka, yeye hakucheka, na tangu siku hiyo hakutulia: alihudhuria vikao ishirini na sita vya baraza la usuluhishi, akauliza bungeni swali lilelile mara saba hadi Spika akasema ameshalikariri, na sisi nyumbani tukazoea kufunika chakula chake.

Moyo ulianza kumsumbua Juni 2022. Alilazwa mara tatu, mara mbili akaondoka kabla ya kuruhusiwa. Ijumaa, tarehe 1 Machi, baraza lilitoa uamuzi, nikamsomea kitandani, akanikatiza kuuliza kama tarehe imetajwa. Nilimjibu kwamba imetajwa: wafumaji waripoti kazini Alhamisi, tarehe 7, zamu ya kwanza, na asiyefika amepoteza nafasi.

Alhamisi hiyo ni leo, siku tunayomzika. Wafumaji walituma mtu kutuuliza wafanye nini, na shemeji akamjibu waende kazini, kwani marehemu hakuwahangaikia miaka kumi ili waje kumsindikiza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliolala nasi msibani, na wabunge wenzake. Dada, sasa tulia, upumzike kwa amani.

Wafumaji watatu walifariki wakisubiri. Thelathini na wanane waliobaki waliingia langoni leo, saa moja kasorobo asubuhi.