Samaki Mkunje, Shemeji Anakuja

Benchi lilikuwa chini ya dirisha lile kabla Cheche hajahamia nyumba ile, kwa hiyo waliolikalia walimhesabu yeye kuwa ndiye mgeni. Lilikuwa ubao mrefu juu ya matofali, umeegemea ukuta, na ukikaa mwisho wa kulia unaona ndani ya jiko la Cheche mpaka kwenye sufuria. Mwisho huo wa kulia ulikuwa wa Mzee Stempu, aliyestaafu posta akabaki na kofia ya kazi. Katikati alikaa Wembe, kinyozi wa jirani, ambaye wateja wakikosekana hutoka nje na chanuo limechomekwa kichwani. Mbele yao, juu ya kigoda, Bi Birika aliuza kahawa na kusikiliza. Jumamosi ile, kama saa tisa na nusu alasiri, wote watatu walinyoosha shingo kwa pamoja, maana Cheche, fundi wa kuchomelea, alikuwa amefungua dirisha, amevaa aproni yake ya ngozi ya kazini, na mkononi ameshika kipande cha samaki chenye rangi ya chungwa.

— Mbona yuko hivyo? — Wembe aliuliza. — Ana homa?

— Ni samoni. Ndivyo alivyozaliwa.

— Na unampeleka wapi?

— Nampika. Shemeji yenu anashuka basi saa kumi na moja. Nimemwambia atakuta samoni na tambi. Nimemwambia ndicho chakula changu cha kila siku.

Benchi zima lilitikisa kichwa, kwa heshima ya uongo mkubwa.

— Kaka, — Wembe alisema taratibu, — umeyakanyaga.

Alikuwa ameyakanyaga kweli. Kwa miaka kumi na mmoja mkewe alikuwa amepiga deki wodi ya wazazi, na kila jioni alirudi na habari za watoto aliowasikia wakilia upande wa pili wa mlango, yeye na fagio lake nje. Mwaka jana, akiwa na miaka thelathini na tisa, akapata nafasi chuo cha ukunga, mji mwingine. Miezi tisa ilikuwa imepita, na Jumatatu alitakiwa kusaini fomu ya mwaka wa pili. Wiki iliyopita akapiga simu: "Sauti yako imekonda. Nikija nikikuta huli, fomu siisaini." Cheche akaruka: "Nakula! Tena napika mwenyewe!" Mkewe akauliza: "Unapika nini?" Wakati huo Cheche alikuwa kwenye foleni ya supamaketi na mche wa sabuni mkononi, na mbele yake kulikuwa na kapu la mama mmoja. Akasoma alichokiona kapuni.

Upande wa pili mkewe alicheka kwa furaha. Hapo ndipo Cheche alipojua ameingia mkenge.

— Usihofu, — Mzee Stempu alisema, akikaa sawasawa. — Sisi tupo.

Cheche akaanza kuhofu.

— Mzee, kwani wewe umewahi kula samoni? — Wembe aliuliza.

— Kula, hapana. Nimemlamba.

— Umemlamba?

— Kwenye stempu. Kuna nchi fulani walimchora samoni kwenye stempu zao. Nimemlamba mgongoni miaka mingi sana. Namfahamu kuliko mvuvi.

— Basi toa maelekezo, mtaalamu.

— La kwanza kabisa: samaki mkunje angali mbichi. Wazee hawakusema vile kwa kupoteza muda. Mkunje, mwanangu.

Cheche alimtazama samaki, akamtazama mzee. Akamkunja. Samaki akakunjuka. Akamkunja tena, akambana kwa koleo. Alipolegeza kidogo, samaki aliteleza, akaruka juu ya sinki, akapita katikati ya nondo za dirisha na kumwangukia Mzee Stempu mapajani.

Mzee alimrudisha kwa vidole viwili.

— Huyu kashakomaa. Umechelewa.

Maji yakaanza kuchemka. Cheche akatupia chumvi.

— Ongeza, — Bi Birika alisema bila kuinua macho. — Huyo ni mtu wa bahari, asijione ugenini.

Akaongeza.

— Punguza! — Mzee Stempu alipiga kelele. — Samoni anazaliwa mtoni! Maji baridi, maji matamu!

— Chumvi iliyoyeyuka inapunguzwaje, mzee?

— Hilo sasa ni la kwako. Sisi wapishi wengi tungeharibu mchuzi, ndiyo maana hatupiki, tunashauri tu.

Cheche akachota maji kidogo, akamwaga, akajaza mengine ya bombani. Kisha akatumbukiza tambi. Zilikuwa zile ndefu, na zilisimama nje ya sufuria kama ufagio. Akataka kuzivunja.

— Wee! — Wembe alisimama kabisa. — Usivunje! Hapa sasa mmeingia kwenye fani yangu. Tambi na nywele ni ndugu wa tumbo moja. Havunjwi mtu. Zikipata joto zinalainika zenyewe, zinalala. Umeona? Hizo zinalala. Sasa usipozichambua zitashikana. Chukua hili.

Chanuo likapita katikati ya nondo.

— Limewahi kutumika? — Cheche aliuliza.

— Kwa watu wenye heshima zao tu.

Cheche akalirudisha, akachukua uma.

Alikuwa ameanza kuona kwamba mambo yanaweza kwenda, na kosa lake likawa kutabasamu. Benchi likaona tabasamu lile kama ruhusa.

— Ila kuna jambo hujaambiwa, — Mzee Stempu alisema, akishusha sauti. — Samoni huyu ana tabia moja mbaya. Akikua, anageuza, anapanda mto mpaka alipozaliwa. Hata kuwe na maporomoko, anaruka. Na tabia hiyo haiishi kwa kupikwa.

— Una maana gani?

— Ukimla, anaendelea na safari humo tumboni. Anakuvuta. Watu wamekula samoni Jumamosi, Jumatatu wakaonekana kwa wazazi wao, hawajui wamefikaje.

Wembe alishika kichwa.

— Kwa hiyo shemeji akila leo, Jumatatu haendi chuo. Anakwenda kwa mama yake!

Uma ulimdondoka Cheche. Akajua ni upuuzi, akajua kabisa, lakini alimtazama samaki kwa mashaka vilevile, kwa sababu Jumatatu ndiyo siku aliyokuwa akiihesabu.

— Msimtishe mwanangu, — Bi Birika alisema. — Dawa si anayo hapo? Mnadhani tambi zinawekwa kwa nini? Samaki anataka kuondoka, tambi zinamfunga. Ndiyo maana wanapikwa pamoja.

Wembe na mzee walitazamana kama watu waliofunuliwa jambo.

— Hakika! — Mzee Stempu aliinuka. — Hakika kabisa! Tambi zilianzia posta! Zilikuwa kamba za vifurushi! Siku moja kifurushi kikanyeshewa, karani ana njaa...

— Mzee, karani alikula kamba?

— Na akaomba nyongeza!

Bi Birika alicheka mpaka kahawa ikamwagika nje ya kikombe. Wembe alipiga goti. Hata Cheche alicheka, mkono tumboni, machozi yakimtoka, na alipofuta machozi aliona moshi. Kikaango alikuwa amekibandika, mafuta yameshika moto wa kutosha na zaidi. Akamlaza samaki upande wa ngozi. Jiko zima likapiga kelele, na benchi nalo likapiga.

— Mgeuze!

— Usimguse!

— Haraka haraka haina baraka!

— Mzee, anaungua!

— Mfunike!

— Mpulizie!

Cheche akaigusa swichi ya gesi, akaiacha. Akamwinua samaki kidogo, ngozi ikang'ang'ania, akamwachia. Mwaka mzima wa mkewe, aliona, umelala pale kwenye kikaango, na yeye anausimamia kwa ushauri wa kinyozi. Ndipo akainama. Ubavuni mwa samaki palikuwa na mstari. Chini ya mstari nyama ilikuwa imepauka, juu yake bado ni chungwa, na mstari wenyewe ulikuwa unapanda, taratibu, kama rangi inavyotembea kwenye chuma kikipata moto. Kitu hicho Cheche alikijua. Alikuwa amekitazama miaka ishirini. Chuma huulizi watu kama kimeiva, unakitazama rangi.

— Nyamazeni, — alisema.

Walinyamaza, maana hawakuwa wamewahi kuisikia sauti ile.

Akapunguza moto. Akatazama mstari ukipanda mpaka ukapita nusu. Alipomwinua, ngozi ilibanduka yenyewe, kavu, ya kahawia. Akamgeuza mara moja, akahesabu kimya kimya, akamtoa. Akakamata sufuria ya tambi kwa kitambaa, akaipeleka kwenye sinki.

— Usimwage! — Mzee Stempu alishindwa kujizuia. — Maji yakimwagika hayazoleki!

Cheche alishtuka, na kwa kushtuka akasita, na kwa kusita akabakiza maji kama nusu kikombe chini ya sufuria. Kwenye kikaango aliweka siagi, kitunguu saumu kilichopondwa kwa mpini wa kisu, na limau. Akatia tambi. Zikashikana papo hapo, bonge moja gumu. Hana hili wala lile, akamiminia yale maji yaliyobaki, akakoroga. Bonge likalegea. Tambi zikaachiana moja moja, zinang'aa, na mchuzi mwepesi ukazivaa kama nguo iliyopimwa.

Wembe alimgeukia mzee polepole.

— Umejuaje?

— Nimejua nini? — Mzee Stempu aliuliza.

Cheche akaonja. Chumvi ilikuwa imezidi kidogo, lakini limau lilikuwa limeisamehe. Akammega samaki vipande vikubwa juu ya tambi, akasimama akiitazama sahani kama ameitengeneza mtu mwingine.

— Kahawa ipo? — sauti ya kike iliuliza nyuma ya kigoda.

— Imekwisha, mwanangu, na usimame kando, tunapi... — Bi Birika aligeuka. — Yesu na Maria! Shemeji huyu hapa!

Basi lilikuwa limewahi: mkewe Cheche alikuwa amesimama na begi begani, viatu vimejaa vumbi. Benchi lilipanguka. Wembe alipokea begi, Mzee Stempu alivua kofia, Bi Birika alimfutia nafasi kwa khanga yake. Yeye akaketi pale pale, katikati yao, akamtazama mumewe kupitia nondo za dirisha.

— Karibu, — Cheche alisema. Hotuba aliyokuwa ameiandaa ilikuwa imemtoroka yote.

— Ahsante. Nimekuja na njaa yangu.

Sahani ilipitishwa dirishani. Akazungusha tambi kwenye uma, akachoma kipande cha samaki, akala. Macho manne ya wanaume wa benchi na mawili ya Bi Birika yaliufuata uma mpaka mdomoni, yakasubiri. Akala tena. Mara ya tatu akafumba macho.

— Tamu, — alisema. — Tamu haswa.

Wembe alimkumbatia Mzee Stempu, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Bi Birika alipiga kigelegele kifupi. Ndani, Cheche alishika nondo kwa mikono miwili.

Mkewe akameza, akafuta mdomo.

— Na kesho utapika nini?

Wembe alilichunguza chanuo jino kwa jino. Mzee Stempu alitazama ndani ya kofia, kana kwamba jibu lingekuja kwa posta. Bi Birika aliinamisha birika juu ya kikombe. Halikutoa hata tone.

Cheche alipitisha majina akilini. Kapu la yule mama wa supamaketi lilikuwa na vitu vingine, angeweza kuvikumbuka. Akamtazama mkewe, vumbi lile, macho yale ya safari.

— Sijui, — alisema. — Najua hiki tu. Na hiki chenyewe nimekijua leo saa kumi.

Mkewe alianza kucheka kwa mabega, kisha kwa sauti, mpaka ikabidi aweke sahani chini.

— Miezi tisa, — alisema alipopata pumzi, — kila nikipiga simu, uko sawa. Umekula. Umeshiba. Nilikuwa silali, mume wangu. Chuoni tunafundishwa: mzazi anayepiga kelele asikutishe. Wa kuogopa ni yule aliyenyamaza. Na wewe ulikuwa umenyamaza.

— Kwa hiyo... fomu?

— Nitasaini. Lakini kuanzia leo ukiwa na njaa, sema una njaa.

Cheche alifikiri kidogo. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu kinywani, kwa woga.

— Nina njaa, — alisema.

Akasogea dirishani. Mkewe akazungusha uma, tambi nyingi, samaki juu yake, akauinua mpaka kwenye nondo, na Cheche akafungua mdomo. Wembe akageuka kutazama barabara, akamgeuza na mzee.