Maisha ya Tatu ya Tobin Haverkamp: Maneno ya Meza ya Alhamisi kwa Mkuu wa Masomo ya Uzamili

Mgeni rasmi, Mkuu wetu wa Masomo ya Uzamili, Dakta Lorraine Stavig; mshauri wetu, Bi Renata Colvin; wanafunzi wenzetu:

Tunakushukuru kwa kushuka ngazi zote hizi hadi chini ya maktaba. Wanachama wa Meza ya Alhamisi huwa tuko tisa; akiondoka mmoja, huingia mwingine. Leo tumefika sita, wengine wamebanwa na maabara. Ninayesoma ni Marlys Ostrander, mwaka wa sita, idara ya udongo. Wenzangu walinichagua wakidai sauti yangu haitetemeki. Tutaona.

HISTORIA YETU

Meza hii ilianzishwa miaka minne iliyopita na Bi Colvin, ambaye zamani alikuwa akisanifu viti vya hospitali. Alituambia kwamba msanifu haanzi na kiti, anaanza na mtu anayeumwa mgongo. Nasi basi tusianze na ajira. Tuanze na maisha tunayoishi sasa. Akampa kila mtu daftari: kwa siku kumi andika ulichofanya, kilichokuchangamsha na kilichokuchosha. Baadaye chora maisha matatu tofauti ya miaka mitano ijayo. Mwisho chagua mojawapo, uyajaribu kwa siku moja tu, kabla hujafunga mizigo.

Mwenzetu Tobin Haverkamp, mwaka wa saba, kemia, alirudi na ukurasa mmoja.

"Siku nyingine ziko wapi?" Bi Colvin akamuuliza.

"Zote zilikuwa hiyo hiyo."

Tulicheka. Yeye hakucheka. Maisha ya kwanza aliyochora yalikuwa ya profesa. Ya pili, profesa wa chuo kingine. Karatasi ya tatu aliiacha tupu.

"Tobin bwana, hata muuza jibini humo hamna?" Corrine Bauch akamtania.

"Sijui kingine, Corrine. Kweli sijui."

MAFANIKIO

Bi Colvin alipiga simu idara ya maji ya mji, akamwombea siku moja. Tobin akaenda kupima maji ya mabomba ya shule pamoja na kina mama wawili wa idara hiyo. Alhamisi iliyofuata hatukupata nafasi ya kusema.

"Wananiuliza naonaje, halafu wanasubiri nijibu!" alisema. Akarudia. "Wanasubiri, jamani."

Habari zikamfikia msimamizi wake wa tasnifu. Walipokutana kwenye korido akamwambia mbele za watu, "Nasikia unacheza na mabomba. Ukimaliza, mimi nasubiri takwimu zangu."

Tobin hakuja Alhamisi hiyo. Hakuja na iliyofuata.

CHANGAMOTO

Siku ya pili yake mchana, mimi na Corrine tulikwenda kwake na supu. Tuligonga sana kabla hajafungua. Alikuwa na homa, siku ya tisa, na midomo imepasuka.

"Nani kawatuma?"

"Atutume nani? Hukuja," Corrine akamjibu.

"Kumbe kuna mtu anahesabu?"

"Tuko tisa, Tobin. Akikosa mmoja meza nzima inaona. Hebu tupishe, supu inapoa."

Aliketi ukingoni mwa kitanda akalia. Sisi tuliendelea kupasha supu ambayo ilikuwa ya moto tayari, maana hatukujua tutazame wapi. Siku zote tisa alikuwa amepata ujumbe mmoja tu: takwimu zitakuwa tayari lini. Hatusemi haya kumshtaki mtu. Msimamizi huyo naye tunamwona kila mchana akila peke yake ndani ya gari lake.

Tobin alimaliza Desemba. Sasa yuko idara ya maji, na ile karatasi ya tatu ameijaza pande zote mbili. Lakini si wote tuliowawahi. Wenzetu wawili waliacha chuo bila kutuaga. Madaftari yao yako kwenye kabati lile, na simu zao hazipokelewi.

Sasa tumepata barua kwamba kuanzia Juni nafasi ya Bi Colvin itafutwa, chumba hiki kiwe stoo, na ushauri utolewe kwa kompyuta. Tumeijaribu kompyuta hiyo. Inauliza maswali mazuri. Haigongi mlango.

MAOMBI

Tunaomba Bi Colvin abaki, hata kwa nusu siku. Tunaomba chumba hiki kibaki; kama tatizo ni kukipasha joto, tutakaa na makoti.

Ombi la tatu halimo kwenye nakala tuliyoleta ofisini kwako, tumeliongeza asubuhi hii. Mwenzetu Leland Oyler wa jiolojia anatetea tasnifu yake kesho saa nne asubuhi, chumba namba 114. Sehemu ya kwanza ni ya wazi kwa wote, na viti ni sitini. Mama yake alifariki mwezi uliopita na hana mwingine. Sisi tulio hapa tunafundisha saa hiyo hiyo. Tumeomba ruhusa, tumenyimwa. Yuko pale karibu na mlango, wala hakujua tungelitaja hili. Tuwie radhi, Leland.

Mgeni rasmi, kama una nusu saa, ukakae mstari wa mbele. Si lazima uulize swali.

Tunakutakia afya, barabara isiyo na barafu, na nyumba ambayo mtu amekwisha kuiwashia taa kabla hujafika.

Ni sisi,
Meza ya Alhamisi