Mnunuzi Anayegonga

Benchi la kahawa linatazamana na karakana ya Seremala, na mchana ule waliokaa hapo hawakubandua macho kwenye mlango wake uliofungwa kwa kufuli. Mnunuzi alikuja asubuhi, akaahidi kurudi alasiri kuchukua jibu. Seremala hakutaka kuuza. Karakana ni ya marehemu babake, na yeye alikulia humo. Ila bei nzuri ikitajwa, moyo nao hukosa adabu. Ufunguo alikuwa nao mfukoni, akiupapasa kila mara.

— Alikaaje? aliuliza Profesa, dalali mstaafu aliyejipa jina hilo mwenyewe.

— Hakukaa. Alisimama, miguu imenielekea mimi.

— Anataka huyo! Miguu haiongopi. Macho je?

— Hapepesi.

— Hata mara moja? Dobi aliacha kupuliza kahawa yake.

— Hata moja. Nilivizia mpaka macho yangu yakatoka machozi.

— Mazoezi tu hayo, Profesa alisema. Haba na haba hujaza kibaba. Mimi nimewahi kukaa na mnunuzi asiyetoka jasho.

— Shati la mtu kama huyo nimelifua mimi, Dobi alidakia. Mwaka mzima! Kola haikuchafuka hata siku moja.

Seremala hakucheka.

— Alikuwa anagonga, alisema. Kwa kifundo cha kidole, mara mbili, vile sisi mafundi tunavyopima ubao kama umeoza ndani. Halafu anatega sikio. Akagonga meza: "Na hii imo kwenye bei?" Akagonga msumeno wa baba: "Na huu umo?" Akainama mpaka chini ya meza.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame! Tamaa hiyo. Na wewe ulifanya nilivyokufundisha?

— Sikutikisika. Sikunena. Uso mkavu.

— Safi! Mtu akishakusoma, kakumaliza.

— Sasa, Profesa, kila nilipokaa kimya aliitikia kwa kichwa, kama vile nimeshakubali.

Hapo hakuna aliyekunywa.

— Mwisho akanigonga mimi. Hapa, kifuani. Mara mbili. Akatega sikio.

Dobi alisogea kidogo, akaacha nafasi kati yake na Seremala.

— Masihara tu hayo, alisema Profesa, lakini kahawa ilimmwagikia vidoleni. Akasemaje?

— "Na huyu yumo?"

Mwisho wa benchi palikuwa na mama mmoja mgeni, mkoba mapajani, akisubiri kikombe chake. Aligeuka.

— Samahani, kaka. Wewe ulimjibu nini?

Seremala alimtazama Profesa. Profesa alilitazama birika. Muuza kahawa akaliinua, akalitikisa, akalirudisha chini. Lilikuwa tupu.

Ng'ambo ya barabara, mlango wa karakana uligongwa kwa ndani, mara mbili. Kufuli lilikuwa palepale, na ufunguo ulikuwa mfukoni.

Seremala alitaka kupiga ukelele wa hapana. Lakini mwili ulikuwa umeshika somo: hautikisiki, hauneni neno, uso mkavu.